Mpenda Dansi Asiyelipa Mlangoni Naye ni Kupe

Ndugu zangu wanachama na wapenzi wa Chama, leo naomba nafasi nizungumze habari ya dansi. Najua wako watakaouliza: Je, gazeti la Chama limekosa mambo makubwa hata litupe ukurasa mzima kwa habari za magitaa? Nawaomba wawe na subira. Habari nitakayoeleza ni ya ukumbi mmoja mdogo na usiku mmoja tu, lakini ndani yake limo jambo linalotuhusu sisi sote tunaojiita wapenda muziki wa nyumbani. Twaupenda sana kwa mdomo, lakini mfuko ukiguswa twageuka wengine. Nami nasema haya kama mkosaji, wala sisemi kama hakimu.

Mwaka 1971 nilikuwa kijana wa miaka 17 mjini Tanga, nikikaa Ngamiani, mitaa ile ambayo barabara zake huitwa kwa hesabu. Tanga wakati huo ulikuwa mji wa mkonge, bandari na reli. Mkonge uliletwa nchini na Wajerumani mwaka 1893, na kwa sababu ya mashamba yake watu walikuja Tanga kutoka pande zote: Wanyamwezi, Wamakonde, Wabena, Wangoni na makabila mengine mengi. Mtu aliye mbali na kwao hana shangazi wa kumtembelea Jumamosi jioni. Hutafuta wenzake, wakaunda chama cha kusaidiana na kuzikana, na baada ya hapo wakaunda ngoma yao. Ndiyo maana mji wa kadiri ile ulipata bendi nyingi na nzuri. Jamhuri Jazz, iliyosifika Afrika Mashariki yote, ilianza kwa jina la Young Nyamwezi. Atomic Jazz walikuwa hapo hapo. Na upande wa taarabu walikuwapo Black Star Musical Club, waliowazoesha watu kusikia gitaa la umeme na besi katika nyimbo zilizozoeleka kwa udi na fidla.

Lakini chini ya bendi hizo kubwa zilikuwapo bendi ndogo za mitaani, na habari yangu ni ya moja katika hizo. Jina lake sitalitaja, maana waliokuwamo hawakunipa ruhusa, na wengi wao wametangulia mbele ya haki. Walikuwa watu tisa. Mchana wawili wao walikuwa makuli wa bandarini, mmoja fundi cherehani, mmoja karani wa duka, na waliobaki vibarua. Magitaa na vipaza sauti havikuwa vyao. Vilikuwa vya tajiri mmoja aliyewakodisha kila walipopiga. Ukumbi nao haukuwa wao. Ulikuwa chumba kimoja kirefu chenye ua nyuma, ukuta wa ua ukiwa wa urefu wa mtu mzima, na nje ya ukuta palikuwa na mwembe.

Usiku ninaousema ulikuwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Nilikuwa nimepakia magunia juma zima, na mfukoni nilikuwa na Shs. 3/- kamili. Kiingilio mlangoni kilikuwa Shs. 3/-. Basi jambo lilikuwa rahisi: nitoe fedha, niingie. Lakini mbele ya mlango alikaa mchoma mishikaki. Ndugu msomaji, unajua mwenyewe harufu ya mishikaki kwa kijana aliyebeba magunia. Nilikula Shs. 2/-, nikanywa soda, nikanunua na sigara moja ya kujifanya mkubwa. Kisha nikazunguka nyuma, nikapanda mwembe, nikaruka ukuta. Hata aibu sikuona. Vijana wanne walikuwa wameruka kabla yangu, na mmoja alinipa mkono kunishusha kama mtu anayempokea mgeni wake.

Huko ndani palijaa. Watu walikaa mpaka madirishani. Bendi ilipanda saa tatu u nusu: gitaa la solo, gitaa la pili, besi, ngoma na tumba, saksafoni moja kuukuu iliyofungwa kwa uzi mahali palipovunjika, na waimbaji watatu. Nyimbo za kwanza zilikuwa zile zilizokuwa zikipendwa redioni siku hizo, na watu walicheza kama kawaida. Kisha yule mwimbaji wa kati, mtu mfupi mwenye shati jeupe, akasema kwamba watapiga wimbo wao wenyewe, ambao bado haujasikika popote.

Wimbo ulikuwa wa mama aliyebaki shambani akimngoja mwanawe aliyekwenda mjini kutafuta kazi. Sehemu ya kwanza ilikwenda taratibu, kama nyimbo zetu za dansi zinavyokwenda, waimbaji wawili wakijibizana, gitaa la solo likijaza pale wanapovuta pumzi. Hakuna aliyecheza. Watu walisimama tu. Ndipo yule mwimbaji akafanya jambo ambalo redio haiwezi kulifanya. Alitazama mbele yake, akamwona kuli mmoja mkongwe, mtu wa kutoka bara, aliyejulikana mtaani kwa ukali wake, akamtia ndani ya wimbo. Hakumtaja jina. Alitaja mkoa wake na mto wa kwao, akauliza katika mahadhi ya wimbo ule ule kama kuna mtu hapa mwenye kalamu. Yule mzee akavua kofia. Akaitia kwapani, akasimama hivyo mpaka sehemu ya taratibu ilipokwisha. Kisha tumba zikabadili mwendo, wakaingia katika chemko, ile sehemu ya kasi, na ukumbi mzima ukalipuka. Tulicheza mpaka vumbi likatuziba pua. Wimbo ule mmoja ulipigwa karibu nusu saa, na ulipokwisha watu waliudai tena, nao wakaupiga tena.

Jumatatu yake nilipita mbele ya posta nikamwona yule kuli amekaa kwenye sanduku, akimwandikisha mtu barua.

Nimewaona wanamuziki wakubwa baada ya hapo, katika kumbi za fahari zenye taa za rangi. Sijaona tena mtu akivua kofia. Nadhani sababu yake ni kwamba katika ukumbi mdogo mwimbaji anamwona msikilizaji wake uso kwa uso, na msikilizaji hana mahali pa kujificha. Lakini hayo ya kusifu yatosha. Sasa nakuja kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu.

Dansi lilipokwisha saa nane usiku nilibaki, kwa kuwa nilitaka kuyaona magitaa kwa karibu. Mpiga besi, mtu wa makamo mwenye mvi mbili tatu, akaniita: "Bwana mdogo, hebu tusaidie kubeba hizi ngoma." Nikaitikia, "Ndiyo, mzee," nikabeba ngoma na tumba mpaka kwenye mkokoteni. Niliporudi ndani niliwakuta wameizunguka meza, wakihesabu fedha za mlangoni. Zilikuwa zile shilingi zetu zilizotoka mwaka 1966, upande mmoja uso wa Mwalimu na upande wa pili mkono ulioshika Mwenge, pamoja na thumni zenye sungura. Mpiga besi alihesabu kwa sauti, wenzake wakisikiliza.

Waliolipa mlangoni walikuwa watu 41. Fedha zote Shs. 123/-. Mwenye ukumbi alichukua theluthi yake, Shs. 41/-. Zikabaki Shs. 82/-. Mwenye vyombo alikuwa na mtu wake pale pale, akachukua Shs. 40/-. Zikabaki Shs. 42/-. Nyuzi za magitaa zilizokatika usiku ule zilihitaji Shs. 6/-. Zikabaki Shs. 36/- kwa watu tisa. Kila mmoja Shs. 4/-. Watu waliomfanya mzee mgumu avue kofia, kila mmoja alikwenda kwake na Shs. 4/-, yaani shilingi moja tu zaidi ya kile nilichokula mimi kwa mishikaki, soda na sigara.

Mwimbaji mfupi alisema, "Lakini ukumbi ulijaa!" Mpiga besi akajibu bila hasira: "Ndugu yangu, mimi nasimama nyuma, kazi yangu hainizuii kutazama. Nimehesabu vichwa. Havipungui mia na ishirini." Wote wakanyamaza. Hakuna aliyetukana mtu. Kisha yule mpiga besi akageuka akaniona nimesimama mlangoni. Akatwaa shilingi moja katika zake nne, akanipa. "Hii ya kubeba ngoma, mwanangu. Ahsante sana."

Ndugu zangu, niliipokea. Ningesema nini? Kumrudishia ningelazimika kumwambia kwamba mimi ni mmoja wa wale vichwa asiowaona mlangoni. Nikasema "ahsante, mzee," nikatoka kwa mlango, mlango ambao sikuingilia. Yeye alikwenda kwake na Shs. 3/-, sawasawa na zile nilizomnyima.

Fanyeni hesabu pamoja nami. Kama watu wote 120 wangelipa, zingepatikana Shs. 360/-. Toa theluthi ya ukumbi, toa vyombo, toa nyuzi: zinabaki Shs. 194/-, na kila mwanamuziki angepata zaidi ya Shs. 21/-. Tofauti kati ya Shs. 4/- na Shs. 21/- haikuletwa na mkoloni, maana alikuwa amekwisha kwenda zake. Haikuletwa na bepari wa ng'ambo. Ililetwa na watu 79, mimi nikiwa mmoja wao: wengine ndugu wa wanamuziki, wengine rafiki wa bawabu, wengine wakubwa wa mtaa waliona haya kuulizwa tikiti, na wengine warukaji wa ukuta. Wote tulikuwa wapenzi. Wote tulipiga makofi.

Majuma matatu baadaye nilikwenda na Shs. 3/- mkononi, nimezifumbata ili mishikaki isinishinde. Nilikuta mlango una kufuli. Mwenye vyombo alikuwa ameviondoa na kuwakodisha wengine waliomlipa zaidi. Mpiga solo na mwimbaji mmoja walikwenda Dar es Salaam kutafuta bendi, mwingine akavuka kwenda Mombasa, fundi cherehani akarudi kwenye cherehani yake. Wimbo ule haukupata kurekodiwa. Haumo katika sahani ya santuri, wala katika kanda za redio. Umo katika vichwa vya wazee wachache wa Ngamiani, na sisi tunapungua kila mwaka.

Hapa ndipo nataka tufikiri pamoja. Salum Abdallah wa Cuban Marimba alifariki mwaka 1965, na Mbaraka Mwinshehe mwaka 1979, lakini mjukuu wangu anazijua sauti zao kwa sababu ziliwahi kuhifadhiwa. Redio yetu ilifanya kazi kubwa. Tangu siku za Sauti ya Dar es Salaam iliyoanza 1951, mpaka ilipokuwa Redio Tanzania, bendi zilikwenda studio zikarekodiwa na kusikika nchi nzima. Nani atabisha wema huo? Lakini bendi haifiki studio mpaka kwanza iishi. Na mahali inapoishi ni ukumbi mdogo. Bendi hulishwa na mlango wa ukumbi ule, na mlango ukikauka bendi inakufa kabla mtu wa redio hajasikia hata jina lake.

Wako watakaosema kwamba jambo hili lilikuwa na dawa, nayo ni bendi kumilikiwa na umma. Ni kweli, na ilikuwa dawa njema. NUTA Jazz ilipoundwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, mwanamuziki alipata kitu ambacho wengi hawakukijua, yaani mshahara wa kila mwezi. Mwaka 1971, mwaka ule ule wa habari yangu, Umoja wa Vijana wa TANU nao uliunda Vijana Jazz. Jeshi, Polisi na mashirika ya umma wakaunda bendi zao. Vyombo vilikuwa vya bendi, si vya tajiri. Matunda yake tuliyaona: Msondo, na mitindo mingine iliyoshindana nao, na tangu 1978 Mlimani Park na Sikinde yake. Hakuna mzalendo atakayedharau kazi hiyo.

Lakini na tuseme kweli. Mashirika hayakuweza kuchukua kila bendi ya mtaa, na yale mashirika yenyewe yalipoanza kuyumba, bendi nyingi ziliyumba pamoja nayo. Kile kinachoning'inia kwenye kamba moja huanguka kamba ikikatika. NUTA Jazz ikawa JUWATA, kisha OTTU, kisha watu wakaiita Msondo Ngoma tu, na kilichoibeba katika mageuzi yote hayo ni wapenzi waliokwenda dansini juma baada ya juma wakatoa fedha zao. Hiyo ndiyo kujitegemea. Mshahara kutoka juu ni msaada mkubwa, lakini mlango wa ukumbi ndio nguzo.

Tena hili si jambo geni kwetu. Wazee wetu walilijua. Neno "klabu" walilolitumia halikuwa na maana ya baa. Dar es Salaam Jazz iliyoanza 1932, Morogoro Jazz ya 1944, na vilabu vya taarabu kama Ikhwani Safaa ya Unguja iliyoanza 1905, vyote vilikuwa vyama vya watu. Culture Musical Club ilianza 1958 ndani ya Umoja wa Vijana wa Afro-Shirazi. Klabu ilikuwa na wanachama, kamati, mweka hazina na ada. Mwanachama aliuona muziki kuwa mali yake, na kwa hiyo aliona haya kuuingilia dirishani. Ni nani anayeruka ukuta wa nyumba yake mwenyewe?

Nasi wa Chama tunalielewa zaidi kuliko wengine. Bibi Titi Mohamed alikuwa kiongozi wa waimbaji katika ngoma ya Bomba pale Dar es Salaam kabla hajawa kiongozi wa akina mama wa TANU mwaka 1955. Akina mama wa ngoma ndio waliozunguka nyumba kwa nyumba wakiwaita wenzao wakate kadi. Walijua desturi ya ngoma: anayetaka ichezwe huchanga. Na TANU ilijengwa kwa njia hiyo hiyo, kwa senti za maskini. Je, Uhuru ungepatikana kama kila mtu angesimama nje ya ukuta wa mkutano, akasikiliza hotuba, akapiga makofi, kisha akaenda kula mishikaki bila kukata kadi? Wangekuwapo wapenzi elfu na elfu, na chama kisingekuwapo.

Basi, hali ya leo ikoje? Mwembe wa Ngamiani hauhitajiki tena. Siku hizi mtu anaruka ukuta akiwa amelala kitandani. Simu inampa nyimbo zote, na hajui hata jina la aliyepiga besi. Katika baa nyingi hakuna kiingilio kabisa: bendi inapiga bure kwa msikilizaji, na mwenye baa anailipa kadiri ya bia zilizouzwa. Watu hufurahia jambo hilo, husema ni ukarimu. Mimi nasema litazameni vizuri. Mwanamuziki aliyekuwa akifanya kazi kwa ajili ya wasikilizaji sasa anafanya kazi kwa ajili ya kreti. Wimbo wa taratibu unaomfanya mtu avue kofia hauuzi bia. Kwa hiyo haupigwi.

Tunayo sheria. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ilipitishwa mwaka 1999, na COSOTA iliundwa kwa mujibu wake ili mtunzi apate haki yake kazi yake inapotumika. Yafaa isimamiwe kwa nguvu. Lakini sheria hulinda wimbo uliokwisha kutungwa. Bendi changa, iliyo na nyimbo tatu na vyombo vya kukodi, inalindwa na mimi na wewe tunapofika mlangoni.

Najua majibu yatakayotolewa. La kwanza: wananchi hawana fedha. Ndugu, mimi nilikuwa nazo. Zilikuwa mfukoni, nikazila hatua kumi kutoka mlangoni. Sisemi kwamba maskini akamuliwe. Kiingilio kinaweza kuwa kidogo, na mzee asiyejiweza aingie kwa heshima kwa kupewa tikiti na kamati. Ninachokataa ni mtu mwenye fedha za chupa nne kusema hana fedha za tikiti moja.

La pili: mbona watu hutunza? Mbona huenda mbele wakambandika mwimbaji noti usoni? Kutunza ni desturi nzuri, nami sina ugomvi nayo. Lakini angalieni inakwenda kwa nani. Noti inakwenda kwa mwimbaji aliyemtaja mwenye noti. Mpiga besi aliyesimama nyuma hatunzwi na mtu. Tena mwenye noti nyingi ndiye anayeimbwa, na mwisho wake nyimbo zetu zinageuka kuwa orodha ya majina ya matajiri. Fedha ya mlangoni haina jina. Inagawanywa kwa wote tisa, na inamwacha mwimbaji huru kumwimbia kuli mkongwe asiye na kitu.

La tatu: vijana hawataki tena magitaa. Hilo siliamini. Vijana hawajawahi kuwekwa katika chumba kimoja na watu tisa wanaopiga kwa mikono yao, karibu kiasi cha kuona jasho. Wapelekeni, kisha mwaulize.

Kwa hiyo natoa shauri, na nalitoa kwa matawi yetu kwanza kabla ya kuilaumu Serikali. Matawi mengi yana kumbi, na kumbi hizo hulala bure siku nyingi za juma au hukodishwa kwa harusi. Tawi litenge usiku mmoja kwa mwezi kwa bendi ya mtaa au kikundi cha taarabu. Lisidai theluthi, lidai fedha ya umeme na ya mfagiaji tu. Mlangoni akae mtu mmoja wa tawi na mmoja wa bendi, na fedha zihesabiwe mezani mbele ya wote kama nilivyoona zikihesabiwa usiku ule. Viongozi wa tawi wawe wa kwanza kulipa, tena hadharani, maana kiongozi anayeingia bure anawafundisha watoto mia moja kuruka ukuta. Wapenzi waandikishwe katika daftari, watoe ada kila mwezi, na ada hiyo inunue vyombo kimoja kimoja mpaka bendi iachane na mwenye vyombo. Na kila wimbo mpya urekodiwe, hata kwa simu, jina la mtunzi na la kila mpigaji likiandikwa, ili usipotee kama ule wa Ngamiani.

Hayo hayahitaji mkopo wala mfadhili. Yanahitaji tuache tabia moja.

Tulipokuwa tukifundishwa maana ya unyonyaji, baada ya Azimio la Arusha mwaka 1967, tuliambiwa kupe ni yule anayekula jasho la mwenzake. Sote tulimtazama tajiri, na tulikuwa na haki ya kumtazama. Mimi nilihudhuria mafunzo hayo, nikaimba pamoja na wenzangu, na miaka minne baadaye nikaruka ukuta nikala jasho la kuli mwenzangu aliyepiga tumba mpaka viganja vikapasuka. Sikujiita kupe, kwa sababu nilikuwa maskini na nilikuwa nikipenda muziki. Sasa ni mzee, na najua kwamba kupe anaweza kuwa maskini, na anaweza kupenda sana yule anayemnyonya.

Ile shilingi ya mpiga besi niliitumia siku ya pili yake, wala sikumbuki kwa kitu gani. Yeye mwenyewe sikumwona tena. Tangu hapo kila ninapokwenda dansini nalipa kiingilio cha watu wawili, changu na cha kijana mmoja ninayemkuta akizungukazunguka nje. Mabawabu wengine hunicheka. Deni nadhani nimekwisha kulilipa mara nyingi kwa hesabu ya fedha, lakini siachi kulipa, na Jumamosi hii nitakwenda tena. Nawe, ndugu msomaji, kama kuna bendi inayopiga mtaani kwenu, nenda. Pitia mlangoni.

Mpenda Dansi,
Ngamiani, Tanga.